Jinsi ya Kuchagua Mtaala wa Biblia kwa Watoto Wanaosomea Nyumbani: Mwongozo Kamili

Wazazi wengi wanaosomesha watoto nyumbani hukwama mahali pale pale. Wananunua mtaala mzuri wa Biblia, wenye picha za rangi na kitabu cha mwalimu, wanaanza Januari kwa moyo mmoja, na kabla Pasaka haijafika vitabu vimerudi kabatini. Mtoto hataki, mama amechoka, baba anauliza pesa zilikwenda wapi.

Mara nyingi mtaala wenyewe haukuwa mbaya. Ulichaguliwa mapema mno, kabla ya mzazi kujua anatafuta nini, ana muda gani, na nyumba yake inasoma Biblia ipi. Ndiyo maana katika mwongozo huu kununua kunakuja karibu na mwisho. Ukifuata hatua kwa mpangilio huu, hata mtaala wa bure utakufikisha mbali.

Kwanza, neno kuhusu sheria. Marekani, majimbo yote 50 yanaruhusu kusomesha watoto nyumbani, kila jimbo na masharti yake. Ujerumani hairuhusu kufanya hivyo badala ya shule. Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shuleni, na Tanzania elimu ya msingi ni ya lazima. Jua ulipo unatakiwa nini kabla ya kumtoa mtoto darasani. Kama watoto wako wanakwenda shule na Biblia mnasoma jioni nyumbani, hatua hizi zinakufaa vilevile.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Biblia mnayoitumia nyumbani, na nyingine ya tafsiri tofauti ya kulinganishia. Programu ya simu ya YouVersion ina tafsiri kadhaa za Kiswahili bila malipo.
- Daftari moja la mzazi. La watoto litakuja baadaye.
- Ratiba halisi ya nyumba yenu: saa za kazi, za kupika, za kufua, siku za ibada.
- Katekisimo (mafundisho ya imani kwa maswali na majibu) au maungamo ya imani ya kanisa lenu, kama yapo.
- Masomo ya mfano ya mitaala miwili au mitatu unayoifikiria. Wachapishaji wengi huyatoa bure. Asiyetoa hata somo moja la kuonja, mwache.
- Kikokotoo, au simu.

Usinunue chochote bado.

## Hatua ya 1: Andika lengo la mwaka kwa sentensi moja

"Nataka watoto wamjue Mungu" ni ombi jema, lakini halikusaidii kuchagua kitabu. Andika kitu ambacho mwisho wa mwaka utaweza kukiona: "Asha aweze kusimulia habari za Injili ya Marko kwa maneno yake mwenyewe." Au: "Watoto wote watatu wajue mtiririko kutoka Ibrahimu hadi uhamisho wa Babeli." Au: "Huyu mkubwa ajifunze kutafuta mstari na kusoma sura nzima peke yake."

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba kila mtaala una lengo lake hata usipolitangaza. Kuna unaojenga maarifa ya hadithi, kuna unaojenga tabia, kuna unaotaka mtoto akariri mistari. Mzazi asiye na lengo lake huishia kufuata la mchapishaji.

Umefanikiwa hatua hii ukiweza kumsomea mwenzi wako ile sentensi naye akaelewa bila maelezo zaidi.

## Hatua ya 2: Pima muda mlio nao kweli

Kwa wiki nzima, andika kila siku ni dakika ngapi mnaweza kukaa pamoja mezani bila mtu kuitwa jikoni, dukani au kwenye simu. Usiandike unazozitamani. Andika zilizopatikana.

Mitaala mingi ya Marekani imepangwa kwa siku 180, yaani wiki 36 za siku 5, na somo la Biblia la kila siku. Mama mwenye mtoto mchanga, biashara ya nyumbani na watoto watatu wa madarasa tofauti hapati siku 5. Anapata 3, na hizo 3 zinatosha kabisa. Tatizo ni kununua mtaala wa siku 5 kisha kuishi mwaka mzima ukijiona uko nyuma. Hisia hiyo ya kuwa nyuma ndiyo inayofunga vitabu kabatini, kuliko ugumu wa masomo.

Kwa umri, chukua hivi: mtoto wa miaka 4 hadi 6, dakika 10 hadi 15. Wa miaka 7 hadi 10, dakika 20 hadi 25. Kuanzia 11, nusu saa au zaidi, akiwa na kazi ya kusoma mwenyewe.

## Hatua ya 3: Chagua Biblia na lugha kabla ya mtaala

Wengi huiruka hatua hii, hasa walioko ughaibuni.

Mtaala umeandikwa juu ya tafsiri fulani. Maswali yake, nafasi za kujaza, mistari ya kukariri, vyote vinafuata maneno ya tafsiri hiyo. Ukinunua mtaala wa Kiingereza na nyumbani mnasoma Kiswahili, kila siku utakuwa mkalimani kabla hujawa mwalimu. Inawezekana, lakini iingize kwenye hesabu ya muda ya Hatua ya 2.

Fanya jaribio hili. Mpe mtoto Biblia ya Union Version, ile ya 1952 ambayo makanisa mengi bado yanaisoma, asome Mwanzo 1:2 kwa sauti: "Nayo nchi ilikuwa ukiwa, tena utupu, na giza lilikuwa juu ya uso wa vilindi vya maji." Kisha mwambie akueleze alichosoma. Mtoto wa Tanga au Mombasa aliyelelewa na bibi huenda akalielewa "ukiwa" na "vilindi". Mtoto wa Nairobi anayechanganya lugha tatu, au wa Minnesota, Marekani, anayesikia Kiswahili kwa wazazi tu, atasoma vizuri na asijue amesoma nini.

Ikiwa hivyo, tumia Biblia Habari Njema au tafsiri iitwayo Neno kwa masomo ya kila siku, na Union Version kwa mistari ya kukariri. Napendekeza mchanganyiko huo kwa nguvu zote. Lugha ya Habari Njema humfikisha mtoto kwenye habari haraka. Union Version ndiyo atakayoisikia ikisomwa kanisani, msibani na harusini, na mtoto aliyeikariri Zaburi ya 23 kwa maneno hayo atakuwa na pa kushika siku bibi yake anapozikwa.

Onyo: msibadilishe tafsiri ya kukariri katikati ya mwaka. Mtoto huchanganya maneno, hukata tamaa, na mstari haukai.

Kwa familia za Kikatoliki kuna jambo la ziada. Biblia yenu ina vitabu 73, na mitaala mingi ya kununua imejengwa juu ya vitabu 66. Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na Makabayo havitakuwamo kabisa. Ama mtafute mtaala wa Kikatoliki, ama mpange wenyewe wiki za kuvisoma.

Umefanikiwa ukiwa umeandika daftarini: tafsiri ya kusomea, tafsiri ya kukariria, na lugha ya maelezo.

## Hatua ya 4: Amua aina ya mtaala

Kuna aina chache tu, majina ya kibiashara ndiyo mengi.

Ya mfululizo hufuata Biblia kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo, kwa mwaka mmoja au mitatu. Ya mada huchukua upendo, utii, uaminifu, na kukusanya mistari kutoka huku na kule. Ya katekisimo ni maswali na majibu. Walutheri wana Katekisimo Ndogo ya 1529 ambayo bado inafundishwa kwa watoto wa kipaimara. Ya vitabu vya kazi humwacha mtoto ajaze mwenyewe. Na kuna ya kukariri mistari.

Kwa nyumba yenye zaidi ya mtoto mmoja, chukua ya mfululizo. Kila mtu husikia habari ile ile, kisha mdogo anachora, wa kati anasimulia, mkubwa anaandika. Mzazi anaandaa somo moja badala ya matatu. Ya mada ina mvuto kwa sababu inagusa tabia moja kwa moja, lakini mtoto anaweza kumaliza miaka mitatu ya mada akiwa na mistari 100 kichwani na asijue Musa alitangulia au Daudi. Itumie kama nyongeza.

Vitabu vya kazi vinafaa pale mzazi anapobanwa kweli. Ila usimwache mtoto peke yake navyo mwaka mzima. Mtoto mwerevu hujifunza upesi kutafuta neno linaloingia kwenye nafasi bila kusoma sura.

## Hatua ya 5: Kagua mafundisho

Tenga jioni nzima kwa hatua hii. Mtaala unaweza kuandikwa "kwa makanisa yote" na bado ukawa na kanisa lake. Si kosa, kila mwandishi anaandika kutoka mahali fulani. Kosa ni mzazi kugundua katikati ya mwaka, mbele ya mtoto.

Njia ya haraka kuliko zote: fungua somo la Amri Kumi uone zinavyohesabiwa. Kwa Wakatoliki na Walutheri, amri ya sita ni "Usizini". Kwa Waanglikana, Wapentekoste na Waadventista, ya sita ni "Usiue", na "Usizini" ni ya saba. Wote wanasoma Kutoka 20 ile ile, wanagawanya tofauti. Mtoto wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) anayefundishwa hesabu moja nyumbani atafika darasa la kipaimara na kuambiwa amekosea, na hatajua amwamini nani.

Kisha tafuta masomo haya na uyasome mwenyewe, neno kwa neno:

- Ubatizo: wa watoto wachanga au wa walioamini tu, kunyunyiza au kuzamisha.
- Meza ya Bwana: inaitwaje, na inasemwa kinatokea nini.
- Siku ya ibada. Kwa Waadventista Wasabato hili ndilo la kwanza kukagua.
- Uumbaji: siku 6 za saa 24, au mwandishi ameacha nafasi.
- Karama za Roho, kunena kwa lugha, uponyaji.
- Siku za mwisho. Baadhi ya mitaala ina michoro ya matukio yajayo iliyopangwa kwa mpangilio mmoja tu, kana kwamba Wakristo wote wanakubaliana juu yake.

Pale unapokuta tofauti, una njia tatu. Tofauti ndogo, ieleze: "Kanisa letu linafundisha hivi, na sababu ni hii." Somo moja au mawili yasiyowafaa, yaruke na uombe kwa mchungaji, padri au katekista kitu cha kuweka hapo. Tofauti ikipita katika kila somo, rudisha kitabu, hata kama picha ni nzuri namna gani.

Lakini kukagua mafundisho hakuishii kwenye orodha ya madhehebu. Angalia mtaala unavyoyatendea maandiko yenyewe. Fungua somo la Daudi na Goliathi. Sura hiyo, 1 Samweli 17, ina mistari 58. Je, mtoto anaambiwa aisome, au anapewa aya mbili za muhtasari na swali la "Goliathi wako ni nani?" Mtaala unaomwambia mtoto awe jasiri kama Daudi umeuacha mstari wa 47, ambapo Daudi mwenyewe anasema Bwana haokoi kwa upanga wala kwa mkuki, maana vita ni vya Bwana. Ukikuta somo limeruka hapo, tegemea hali hiyo hiyo kwa Yusufu, Danieli na Esta: kila mtu anageuzwa kielelezo cha tabia njema na Mungu anabaki pembeni.

Pima pia masimulizi mazito. Gharika, Ibrahimu na Isaka, Daudi na Bathsheba. Kwa mtoto wa miaka 5 ni sawa kupunguza. Kwa wa miaka 12, mtaala unaoficha dhambi ya Daudi unamnyima Zaburi ya 51.

Umefanikiwa ukiwa na daftari lenye alama mbele ya kila somo ulilokagua: sawa, eleza, ruka.

## Hatua ya 6: Hesabu gharama yote

Bei ya kwenye tangazo ni mwanzo tu. Uliza: kitabu cha mwanafunzi kinaandikwa ndani? Kama ndiyo, kila mtoto anahitaji chake, na mdogo hawezi kukirithi. Kitabu cha mwalimu kinauzwa kando? Usafiri na ushuru wa forodha ni kiasi gani?

Faili la kujichapia huonekana nafuu. Piga hesabu hii: kurasa 4 kwa somo, masomo 4 kwa wiki, wiki 36, ni kurasa 576 kwa mtoto mmoja. Watoto wawili, kurasa 1,152. Zidisha kwa bei ya kopi ya mtaani kwenu, kisha uangalie kama kurasa zinahitaji rangi. Mara nyingi utakuta daftari la kawaida la mistari linafanya kazi ile ile: mtoto anaandika tarehe, mahali walipofika, na sentensi mbili.

Soma masharti ya kunakili pia. Wachapishaji wengi wanaruhusu kopi kwa watoto wa nyumba moja tu, si kwa jirani wala darasa la Jumapili.

Vifaa vya kazi za mikono visikutishe. Kitabu kikitaka ngano bandia na gundi ya kumetameta kwa ajili ya Zaburi ya 1, chukua ungo, mpeleke mtoto nje mpepete mchele. Pumba zikipeperuka usoni mwake atayaelewa "makapi yapeperushwayo na upepo" kuliko yule aliyebandika.

## Hatua ya 7: Jaribu kwa wiki mbili

Chukua masomo ya mfano uliyopewa bure, ya mitaala miwili iliyobaki. Wiki ya kwanza mtaala mmoja, wiki ya pili mwingine. Saa ile ile, meza ile ile, siku zile zile ulizopima katika Hatua ya 2.

Fundisha somo kama lilivyoandikwa, bila kuboresha. Mzazi hodari hurekebisha somo baya bila kujua, na jaribio linampotosha.

Baada ya kila somo, funga vitabu na useme: "Hebu nisimulie." Usimuulize maswali. Msikilize mpaka amalize, hata akikosea. Kesho yake, kabla ya somo jipya, mwombe tena asimulie la jana. Usimulizi huo wa pili ndio kipimo chako. La siku ile ile linaweza kuwa kumbukumbu ya dakika tano.

Daftarini andika mambo manne: dakika za kuandaa, dakika za kufundisha, mtoto alichosimulia kesho yake, na swali lolote alilouliza mwenyewe. Swali la mtoto lina uzito. Aliyeuliza "Kwani Isaka hakukimbia?" ameingia ndani ya habari.

Onyo: usimpe mtoto achague kwa kuangalia vitabu. Atachagua kwa jalada. Mpe nafasi ya kusema baada ya wiki mbili, na umsikilize kwa uzito hasa akiwa na miaka 10 na zaidi.

Ishara kwamba mtaala unawafaa: kuandaa hakuzidi muda wa kufundisha, mtoto anasimulia kesho yake mambo ya Biblia na si ya mchezo uliofuata, na wewe mwenyewe ulitaka kuendelea kusoma sura. Hiyo ya mwisho usiidharau. Mzazi anayechoshwa na somo humwambukiza mtoto.

Kama yote miwili imeshindwa, msinunue. Someni Injili ya Marko, sura 16, nusu sura kwa siku, mtoto akisimulia baada ya kila kipande. Kwa siku 3 kwa wiki, itawachukua takriban wiki 11, karibu muhula mzima, na mtaala mtauchagua mkiwa mmetulia.

## Hatua ya 8: Nunua kidogo, panga mwaka wenye nafasi

Nunua kiwango kimoja, au muhula mmoja ukiruhusiwa. Punguzo la kununua miaka mitatu kwa pamoja ni la kumfaa muuzaji.

Kisha panga masomo ya wiki 28 hadi 30 katika mwaka wa wiki 36. Wiki zinazobaki si za uvivu. Ni za Kwaresima na Majilio, za homa, za wageni, za safari ya kwenda kijijini, za somo lililozaa maswali mengi likahitaji siku mbili zaidi. Andika nafasi hizo kwenye ratiba tangu mwanzo ili zisionekane kama kushindwa zikifika.

Masomo utakayoyaacha chagua sasa, mkiwa na akili tulivu: yale yenye alama ya "ruka", kisha yanayorudia, kisha kazi za mikono zisizoongeza kitu.

## Hatua ya 9: Kagua kila mwisho wa muhula

Rudi kwenye sentensi ya Hatua ya 1. Mwombe mtoto asimulie habari tatu alizojifunza mwezi wa kwanza, mwambie atafute mistari mitano kwenye Biblia yake, na msikilize akikariri. Mkubwa apewe sura asiyowahi kufundishwa, aisome peke yake, aeleze.

Usitoe alama kwa imani. Alama za kukariri au kutafuta mstari hazina ubaya, lakini mtoto akipata 6 kwa 10 katika somo liitwalo "Kumpenda Mungu", utakuwa umemfundisha jambo ambalo hukulikusudia.

Kubadilisha mtaala katikati ya mwaka kunaruhusiwa kwa sababu mbili: mafundisho yanayogongana na yenu kila wiki, au mtoto aliyeshindwa kusimulia chochote kwa mwezi mzima ingawa mmepunguza kasi. Kuchoka kwa wiki moja si sababu. Mkibadilisha, anzeni mtaala mpya mahali mlipofika kwenye Biblia, msirudi Mwanzo 1. Watoto wengi wamesikia habari za Adamu na Nuhu mara nyingi mno, na hawajawahi kufika kwa Nehemia.